Chumvi, Rovu na Tezi ya Shingo: Tulikotoka na Tulipo

  Kama kuna sufuria jikoni, punguza moto kidogo, uvute kiti, tuongee. Leo tunazungumza juu ya kitu ambacho kila nyumba inacho, hata ile nyumba ambayo siku hiyo haina kingine: chumvi. Tutazungumza pia juu ya tezi ndogo iliyo shingoni, na jinsi vitu hivyo viwili vinavyohusiana na uchovu wako, uzito wako, na akili ya mtoto wako.

Leo nitawasimulia historia. Najua wengi hupenda niende moja kwa moja kwa "kula hiki, wacha kile". Lakini katika miaka yangu ya uuguzi nimeona jambo moja. Mama akipewa amri tu, huisahau kabla hajafika langoni. Akijua sababu, huibeba mpaka nyumbani na kumweleza jirani.

SHINGO YA NYANYA YANGU

Nyanya yangu aliyenilea alikuwa na rovu, ule uvimbe wa shingo ambao wengi huuita goita. Tuliishi kwenye miteremko ya milima, mahali pa mvua nyingi, majani chai na kabeji. Rovu lake lilikuwa kubwa kama embe, na alilifunika kwa leso hata jua likiwaka. Hakupenda kupigwa picha. Siku ya harusi ya mwanawe alisimama nyuma ya watu, na katika picha ile unaona kitambaa chake cha kichwa tu.

Kijijini kila mtu alikuwa na maelezo yake. Wengine walisema rovu lililetwa na kamba ya kubebea kuni, ile inayopita kichwani na kukaza shingo. Wengine walisema ni ukoo, kwao ndivyo walivyo. Wengine walinong'ona kuwa ni laana. Nyanya alisikia yote akanyamaza. Nilikuja kujua ukweli nikiwa mwanafunzi katika chuo cha uuguzi, naye alikuwa amekwisha fariki. Mwalimu alichora ile tezi ubaoni, akaandika neno moja kando yake: iodini. Nilikaa pale nikifikiria ile leso.

KITEZI CHENYE KAZI KUBWA

Weka vidole viwili mbele ya shingo yako, chini kidogo ya lile gegedu linalopanda na kushuka unapomeza mate. Hapo ndipo ilipo tezi inayoitwa thairoidi. Ina umbo la kipepeo, na kwa mtu mzima uzito wake ni kama gramu 20 hivi. Kazi yake ni kutengeneza homoni, yaani kemikali ambazo damu huzipeleka kila pembe ya mwili kutoa maagizo.

Fikiria jiko la mafuta ya taa. Lina kile kidude cha kuzungusha ili tambi zipande au zishuke. Ukizishusha, moto unafifia na ugali hauivi. Ukizipandisha mno, mafuta yanakwisha na sufuria inaungua. Tezi ya shingo ndiyo kidude hicho katika mwili. Homoni zikipungua, mwili unakwenda polepole: uchovu usioisha kwa kulala, kuhisi baridi wengine wanapotoa jasho, ngozi kavu, nywele kukatika, choo kigumu, sauti kuwa nzito, kusahau, hedhi kuwa nyingi, na uzito kuongezeka. Homoni zikizidi, mambo hugeuka: moyo kwenda mbio, mikono kutetemeka, jasho jingi, usingizi kupotea, na mtu hukonda ingawa anakula vizuri.

Ili kutengeneza homoni hizo, tezi inahitaji iodini, ambayo ndugu zetu wa Tanzania huiita madini joto. Kiasi chenyewe ni kidogo mno. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 kwa siku, na mikrogramu ni sehemu moja ya milioni ya gramu. Ukikusanya iodini yote ambayo mtu anahitaji kwa miaka 70, haifiki gramu 4. Haiwezi kujaza hata kijiko kimoja cha chai. Lakini mwili hauwezi kuiweka akiba ya miaka, kwa hiyo lazima ipatikane kidogo kidogo karibu kila siku. Ikikosekana, tezi hutanuka, ikijitahidi kunasa hata ile chembe ndogo inayopita katika damu. Kutanuka huko ndiko rovu.

Kwa nini basi rovu lilipenda watu wa milimani? Mvua za miaka maelfu huosha iodini kutoka kwenye udongo, mito huibeba, nayo huishia baharini. Udongo ukikosa, mahindi, viazi na mboga hukosa, ng'ombe hukosa, na mtu hukosa. Ndiyo maana marovu yalijaa katika milima ya Alps kule Ulaya, Himalaya kule Asia, Andes kule Amerika Kusini, na katika nyanda za juu za Afrika. Kamba ya kuni haikuwa na hatia.

MWANI, NA MOSHI WA ZAMBARAU

Watu wa kale walipata dawa kabla ya kujua sababu. Wachina, zaidi ya miaka 1,500 iliyopita, walikuwa wakiwapa wenye marovu mwani, mmea wa baharini wa jamii kama ule ambao akina mama wa Zanzibar na wa Kibuyuni kule Kwale hulima. Huko Ulaya waganga walichoma sifongo za baharini na kutumia majivu yake. Baadhi ya wagonjwa walipona, lakini hakuna aliyejua kilichowaponya.

Mwaka wa 1811, wakati wa vita vya Napoleon, Mfaransa Bernard Courtois alikuwa akitengeneza chumvi ya baruti kwa majivu ya mwani. Siku moja alimwaga asidi nyingi kuliko kawaida, akaona moshi wa rangi ya zambarau ukipanda, kisha ukaganda kuwa vipande vyeusi vinavyong'aa. Kitu hicho kikaitwa iodini, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya rangi hiyo.

Miaka 9 baadaye, mwaka wa 1820, daktari wa Geneva aliyeitwa Jean-François Coindet alijiuliza: kama majivu ya sifongo huponya rovu, je, kinachoponya si iodini? Akawapa wagonjwa wake matone, na marovu mengi yakanywea. Habari zikaenea haraka, na watu wakaanza kujinywea wenyewe bila kipimo. Muda si muda wengine wakaanza kukonda, mioyo ikienda mbio, mikono ikitetemeka. Iodini ikapata jina baya, na kwa miaka mingi madaktari wengi wakaiogopa.

Mama, shika funzo hilo la kwanza. Kitu kile kile kinachoponya kikiwa kidogo, huumiza kikizidi. Leo kuna watu wanaouza unga wa mwani na matone ya iodini sokoni na kwenye simu, wakisema yanapunguza unene na kurudisha nguvu. Jambo hili lilijaribiwa miaka 200 iliyopita, na walioumia walikuwa wengi.

DAKTARI ALIYEKUBALI KOSA

Tuendelee. Mjini Bern, Uswisi, kulikuwa na daktari mpasuaji hodari aliyeitwa Theodor Kocher. Wakati huo kupasua rovu kulikuwa hatari sana, wagonjwa walikufa kwa kuvuja damu. Kocher alikuwa na mkono mtulivu na alifanya kazi kwa usafi, na wagonjwa wake wengi walitoka hai. Aliwatoa tezi nzima, akawashona, wakaenda nyumbani na shingo nyembamba. Kila mtu alimsifu.

Kisha akafanya jambo ambalo si kila daktari hufanya. Aliwaita tena wagonjwa wake wa zamani, awaone wanaendeleaje. Alichokiona kilimhuzunisha. Wengi wa wale aliowatoa tezi yote walikuwa wamevimba nyuso, wamekuwa wazito wa mwili na wa mawazo, wanahisi baridi, wanazungumza polepole. Watoto walikuwa wameacha kukua. Mwaka wa 1883 alisimama mbele ya madaktari wenzake akaeleza yote, na tangu hapo akaacha kutoa tezi nzima kwa ajili ya rovu la kawaida. Mwaka wa 1909 alipewa Tuzo ya Nobel. Kosa lake, lililofichuliwa na yeye mwenyewe, liliisaidia dunia kujua kazi ya tezi hii.

Nikisoma habari za Kocher humkumbuka mama mmoja, nami nitawaambia kwa sababu afya haijengwi kwa kuficha. Mwaka wangu wa pili kazini alikuja mama wa watoto watatu. Alikuwa ameongeza uzito, amechoka, hana nguvu ya kushika jembe. Nilimpima uzito, nikatazama kadi, nikamwambia kama nilivyowaambia wengi: punguza ugali, wacha mafuta, tembea. Akaniambia kwa upole, "Sista, mimi sili hivyo unavyofikiria." Sikumsikiliza. Niliona nimekwisha jua.

Alirudi baada ya miezi minane. Sauti yake ilikuwa imekuwa nzito kama ya mwanamume, uso umevimba, na alikuwa amevaa sweta mbili siku ya joto. Mumewe alikuwa amekwisha kuanza kumwita mvivu. Alikuwa amejinyima chakula mpaka akapata kizunguzungu, na bado uzito haukushuka. Siku hiyo tulimtuma hospitali kubwa akapimwa damu. Tezi yake ilikuwa karibu imeacha kufanya kazi. Alianzishiwa vidonge, na baada ya miezi michache nilimwona njiani amebeba mtungi wa maji, akicheka. Alinisalimia kwa heshima, nami niliona haya. Tangu siku ile, mama akiniambia "sili hivyo unavyofikiria", huweka kalamu chini na kumsikiliza.

KUTOKA TEZI YA KONDOO HADI KIDONGE

Vidonge hivyo navyo vina historia. Mwaka wa 1891, daktari Mwingereza George Murray alikuwa na mgonjwa mwanamke wa miaka 46 aliyekuwa akififia kwa ukosefu wa homoni hizi. Alichukua tezi ya kondoo, akatoa majimaji yake, akamdunga sindano. Yule mama akaamka upya. Aliendelea na dawa hiyo na kuishi miaka 28 zaidi, mpaka 1919.

Mwaka wa 1892 madaktari waligundua kwamba si lazima sindano: tezi ya kondoo ikiliwa, hufanya kazi ile ile. Kwa hiyo kwa muda fulani kulikuwa kweli na chakula kilichotibu ugonjwa huu, lakini kilitibu kwa sababu kilikuwa na homoni yenyewe ndani yake, na kipimo chake kilibadilika kutoka kondoo mmoja hadi mwingine. Siku ya Krismasi mwaka wa 1914, Mmarekani Edward Kendall alifaulu kuitenga homoni yenyewe ikiwa safi. Mwaka wa 1927 Waingereza Harington na Barger waliitengeneza kwa kemikali. Kidonge cha levothairoksini tunachotumia leo ni mjukuu wa kazi hiyo.

WASICHANA WA AKRON, NA KIJIJI CHA MLIMANI

Kutibu ni kuzuri, lakini kuzuia ni bora. Mwaka wa 1917, katika mji wa Akron kule Marekani, daktari David Marine na mwenzake Kimball walianza kuwapa wasichana wa shule iodini kidogo, mara mbili kwa mwaka. Wengine hawakuchukua. Matokeo yalikuwa wazi hata kwa asiyejua hesabu nyingi. Kati ya wasichana 2,190 waliopewa, ni 5 tu waliopata rovu. Kati ya 2,305 ambao hawakupewa, walipata 495.

Sasa swali likawa: utawafikiaje watu wote, tajiri na maskini, aliye shuleni na aliye shambani? Jibu lilitoka jikoni. Mwaka wa 1918, daktari wa kijijini Otto Bayard alipeleka chumvi iliyochanganywa na iodini kidogo sana kwa familia za kijiji cha Grächen, juu katika milima ya Uswisi ambako marovu yalikuwa jambo la kawaida. Shingo za watoto zikaanza kurudi hali yake. Mwaka wa 1922 Waswisi wakaanza kuuza chumvi hiyo, na mwaka wa 1924 jimbo la Michigan kule Marekani likafuata.

Kwa nini chumvi? Kwa sababu kila mtu huila, kila siku, karibu kiasi kile kile, na ni bei ya chini. Hakuna anayekula kilo moja kwa siku moja. Haihitaji foleni wala kadi ya kliniki. Mama anapotia chumvi kwenye mboga, anawapa dawa watu wote wa nyumba yake bila hata kufikiria.

KWETU AFRIKA

Twende karibu na nyumbani. Katika Ziwa Kivu, nchini Kongo, kuna kisiwa kinachoitwa Idjwi. Kuanzia miaka ya 1960 watafiti walikuta ajabu huko: watu wa kaskazini mwa kisiwa walikuwa na marovu mengi sana, na wale wa kusini-magharibi walikuwa na machache, ingawa pande zote mbili zilikosa iodini. Tofauti ilitokana na muhogo. Muhogo mchungu una sumu ambayo isipotolewa vizuri hugeuka mwilini kuwa kitu kinachoizuia tezi kuchukua iodini. Mahali penye iodini ya kutosha, madhara hayo ni madogo. Mahali isipokuwepo, muhogo usioandaliwa vizuri huongeza tatizo juu ya tatizo. Nyanya zetu waliosema muhogo uroweshwe, uanikwe, au uchachushwe kabla ya kusagwa, walikuwa wakisema hekima.

Nchini Tanzania, kuanzia mwaka wa 1986, watu wa wilaya zilizoathirika zaidi walipewa vidonge vya mafuta yenye iodini wakati chumvi nzuri haijafika kila mahali. Baadaye watafiti walifuatilia watoto ambao mama zao walikuwa wamekingwa wakati wa mimba. Watoto hao walisonga mbele zaidi katika madarasa kuliko wenzao, na tofauti ilikuwa kubwa zaidi kwa wasichana. Sikia hapo, mama. Kumbe kuna watoto tulioita wazito wa kuelewa, tukawachapa, tukawatoa shuleni, na kosa lilikuwa kwenye chumvi.

Nasi Kenya? Watu wetu walikuwa na chumvi zao tangu zamani. Upande wa magharibi, akina mama walichuja majivu ya maganda ya maharagwe ili kulainisha mboga. Wengine walitumia magadi kutoka Ziwa Magadi. Vitu hivi vililainisha chakula, lakini havikuleta iodini ya kukinga tezi. Hata chumvi ya bahari yenyewe, kama ile inayokaushwa kwa jua kwenye mabwawa ya Gongoni, kaskazini mwa Malindi, hubaki na iodini kidogo mno ikishakauka. Lazima itiwe kiwandani. Kanuni za chakula za mwaka wa 1978 ziliweka sharti la kutia iodini katika chumvi ya kula. Mwaka wa 1990, viongozi wa dunia walipokutana New York katika mkutano mkuu wa watoto, waliahidi kumaliza upungufu huu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka wa 2014 ulikuta kwamba karibu nyumba zote ambazo chumvi yao ilipimwa zilikuwa na chumvi yenye iodini.

Ndiyo sababu watoto wangu hawajui rovu ni nini. Niliwaeleza juu ya nyanya wakaniuliza, "Mama, hilo lilikuwa linauma?" Nikawaambia, lililouma zaidi ni maneno ya watu.

KABLA YA MIMBA, SI BAADA

Kuna jambo moja la mwisho katika historia hii, na ndilo kubwa. Kule Papua New Guinea, mwaka wa 1966, katika bonde lenye marovu mengi, familia zilidungwa sindano ya mafuta yenye iodini, moja ikipata na ya pili ikikosa. Watoto waliozaliwa wakiwa na ulemavu mkubwa wa akili na kutosikia walitoka karibu wote kwa akina mama ambao hawakupata iodini, au walioipata wakiwa wamekwisha shika mimba. Sababu ni hii: katika miezi ya kwanza, mtoto tumboni hana tezi inayofanya kazi. Ubongo wake hujengwa kwa homoni za mama. Mara nyingi miezi hiyo hupita kabla mama hajafika kliniki.

Kwa hiyo chumvi nzuri si ya mjamzito pekee. Ni ya yule msichana wako wa miaka 15 leo, na ya kila mwanamke anayeweza kushika mimba.

SASA TUFANYE NINI JIKONI?

Kwanza, nunua chumvi ya pakiti iliyoandikwa kwamba ina iodini. Chumvi ya mawe ya kulambwa na ng'ombe, au ile inayopimwa kwa kopo bila jina, usiitegemee.

Pili, ihifadhi kwenye chombo chenye kifuniko, mbali na moshi, jua na mvuke. Tia chumvi chakula kikikaribia kuiva, ili iodini isipotee bure.

Tatu, usizidishe. Gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kwa mtu mzima, zinatosha, pamoja na chumvi iliyo ndani ya mkate na vyakula vya pakiti. Chumvi yenye miligramu 40 za iodini kwa kila kilo, gramu 5 zake hukupa mikrogramu 200. Kuongeza chumvi hakuongezi nguvu, huongeza shinikizo la damu. Mjamzito na anayenyonyesha wanahitaji mikrogramu 250, na nyongeza hiyo hutoka kwenye maziwa, mayai na samaki wa baharini. Mtoto ambaye hajafika mwaka mmoja usimtilie chumvi. Wewe ukila vizuri, maziwa yako humpa iodini yake.

Nne, usiogope sukuma wiki na kabeji. Zikipikwa na kuliwa kwa kiasi cha kawaida katika nyumba yenye chumvi nzuri, hazileti rovu. Nimeona akina mama wakiacha mboga kwa hofu hiyo, wakabaki na upungufu wa damu.

CHAKULA KINAPOFIKIA MWISHO WAKE

Mwaka wa 1912, daktari Mjapani Hakaru Hashimoto alieleza ugonjwa mwingine, ambapo kinga ya mwili yenyewe huishambulia tezi. Leo, mahali ambapo chumvi ina iodini, ugonjwa wa namna hii ndio unaozuia tezi za wanawake wengi kufanya kazi. Huu hauponywi kwa chumvi, wala mwani, wala juisi, wala kufunga kula. Unahitaji kidonge, mara nyingi kwa maisha yote, na vipimo vya damu.

Ukipewa kidonge hicho, kinywe asubuhi na maji matupu, tumbo likiwa tupu, kisha subiri nusu saa hadi saa moja kabla ya chai ya maziwa. Vidonge vya kuongeza damu na vya kalsiamu vitenge kwa saa nne, kwa sababu huzuia dawa kuingia mwilini. Ukishika mimba usikiache. Nenda kliniki mapema, kwani mara nyingi kipimo huongezwa.

Na juu ya uzito niseme ukweli. Tezi iliyolegea huongeza uzito, lakini kwa wengi ni kilo 2 hadi 5 hivi, na sehemu kubwa yake ni maji. Ukitibiwa zitapungua. Zikibaki nyingine, hizo ni za mezani na za kukaa, na hapo tutarudi kwa sahani yenye mboga nusu na miguu inayotembea. Usikubali kununua vidonge vya tezi ili ukonde ilhali huna ugonjwa. Moyo wako hautavumilia.

Uchovu nao una milango mingi. Unaweza kuwa upungufu wa damu, kisukari, mimba, huzuni nzito, au kazi isiyo na mapumziko. Ndiyo maana hupimwa, haubahatishwi. Ukiona shingo inavimba, ukishindwa kumeza au kupumua vizuri, au moyo ukienda mbio bila sababu, fika kituo cha afya bila kungoja.

Na ukienda ukaambiwa "punguza kula" bila kuulizwa lolote, sema kama alivyosema yule mama: "Sista, mimi sili hivyo unavyofikiria." Ukiwa umesema, usiondoke. Kaa papo hapo mpaka usikilizwe.

Mpenzi msikilizaji, leo jioni ukifungua kopo la chumvi, soma maandishi ya pakiti yake. Mwambie na jirani asome ya kwake. Na kama mtaani kwenu kuna bibi mzee mwenye rovu, msalimie kwa heshima, umwambie hakulaaniwa. Alizaliwa tu kabla chumvi haijafika.